Mgao umekatwa, aliyehojiwa ni nani?

*Mijadala ya chakula, ujira na tiba inayorushwa kutoka Mbarara huwafikia watu wa Nakivale nusunusu, kwa lugha ya jirani, na mara nyingi uamuzi ukiwa umeshapita.*

Giza likikaribia, kibanda cha kuchaji simu pale Base Camp hujaa watu. Juu ya bati imeegeshwa paneli ya sola. Ndani, kwenye rafu ya mbao, simu zimepangwa kama samaki walioanikwa, kila moja na kikaratasi chake cha namba kilichobanwa kwa mpira. Kando yake redio ndogo ya betri inakoroma.

Stesheni inayoshika vizuri ni ya Mbarara, mji ulio umbali wa takribani kilomita 60, na mtangazaji anatiririsha Kinyankole safi. Wanaosubiri chaji ni Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Msomali mmoja mmoja. Wanachookota ni vipande: WFP, bajeti, Kampala, jina la mbunge. Aliyekaa Nakivale miaka ya kutosha kuijua lugha ya wenyeji ndiye huwatafsiria wenzake kwa Kiswahili. Hatozi kitu, na chumvi huongezwa kulingana na hali ya siku.

Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kwamba limesitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Gazetini hiyo ilikuwa habari ya aya chache: tarakimu, mfadhili, kauli ya ofisa. Kwenye vibanda kama hiki ilikuwa swali moja la kuulizana kwa sauti ya chini: wewe umeangukia kategoria gani?

Kambi iliyoizidi nchi umri

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, miaka minne kabla Uganda haijapata uhuru wake. Wapo watu waliozaliwa hapa, wakaolea hapa, wakazika wazazi wao hapa, na bado kwenye karatasi wanaitwa wageni. Makazi haya yamo Wilaya ya Isingiro, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo, kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 185, yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Hakuna uzio. Kuna vijiji, makanisa, misikiti, mashine za kusaga, saluni na wauza chapati.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazithubutu. Kutokana na hilo vyombo vya habari vya dunia vilipata hadithi tamu: Uganda, mahali pema kuliko pote pa kuwa mkimbizi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Alexander Betts walichapisha ripoti kuhusu uchumi wa wakimbizi, na Nakivale ilikuwa mojawapo ya maeneo waliyoyachunguza. Walionyesha kwamba wakimbizi hawakai tu wakisubiri gunia. Wanauza, wanakopa, wanaajiri. Jijini Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi waliokuwemo kwenye utafiti walikuwa na biashara zilizoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya hao walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda.

Ripoti ilikuwa nzuri, na ilistahili kuandikwa. Ila hadithi ikishapendwa haibadilishwi kirahisi. Waandishi waliokuja Nakivale miaka iliyofuata walikuwa wanajua tayari watakachokiona: fundi cherehani, mwenye kinu, kijana wa kompyuta. Mkimbizi mjasiriamali akawa picha ya ukurasa wa mbele. Aliyeshindwa hakuwa na nafasi kwenye picha hiyo.

Kisha mwaka 2018 hadithi ikageuka ghafla. Ziliibuka tuhuma kwamba takwimu za wakimbizi zilikuwa zimeongezwa, maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi, wakasimamishwa kazi, na uhakiki wa alama za vidole ukaishia kwenye watu milioni 1.1 hivi badala ya milioni 1.4 waliokuwa wakitajwa. Mkimbizi aliyekuwa mjasiriamali sasa akawa hewa. Katika sura zote mbili, mwenyewe hakuulizwa sana.

Asilimia bila sufuria

Kupunguzwa kwa mgao hakukuanza 2025. Aprili 2020, wakati korona imefunga barabara, waliokuwa wakipewa fedha badala ya chakula walishuka kutoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi hadi 22,000. Februari 2021 mgao ukawa asilimia 60. Julai 2023 ukaja mfumo wa kategoria tatu: walio hoi zaidi asilimia 60, wa kati asilimia 30, na wanaohesabiwa kuwa wanajiweza, sifuri.

Asilimia 30 ya nini? Swali hilo ni la kitoto, na ndiyo maana halikuulizwa mara nyingi. Mgao kamili hukadiriwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Asilimia 30 yake ni kalori 630, ambazo ni sawa na gramu 180 hivi za unga wa mahindi. Ukiupima kwa kikombe cha plastiki cha kunywea maji, hakijai vizuri. Huo ndio ugali wa kutwa nzima, bila maharagwe, bila mafuta, bila hata chumvi.

> Asilimia 30 ya mgao ni gramu 180 hivi za unga: kikombe cha plastiki kisichojaa vizuri.

Habari iliyoandikwa kwa kikombe na ile iliyoandikwa kwa asilimia zinatoka kwenye tangazo moja, lakini hazimfikii msomaji kwa uzito mmoja. Asilimia humpa msomaji wa Kampala hisia kwamba kuna mtu mwenye kikokotoo anayesimamia jambo. Kikombe humwonyesha mama anayegawa.

Upande wa WFP una hoja, na haifai kuipuuza. Fedha ikiwa haipo, kumpa kila mtu kidogo ni kuwaua kwa njaa walio dhaifu kwa usawa; ni afadhali kuwalenga wanaohitaji zaidi. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilichangia karibu nusu ya fedha zote za shirika hilo duniani. Januari 2025 Rais Donald Trump aliposimamisha misaada ya nje, pengo lake halikuwa la kuzibwa kwa michango ya kanisani. Hoja hiyo ilipata nafasi yake hewani na magazetini, kwa sababu ilikuwa na msemaji, taarifa kwa vyombo vya habari na picha zilizo tayari.

Kinachokosa msemaji ni namna kategoria zinavyopangwa. Mjane mwenye cherehani mbovu ni wa ngapi? Familia yenye kijana anayefanya kibarua Mbarara inahesabiwa kuwa inajiweza? Hapo ndipo hadithi ya zamani ya mkimbizi mjasiriamali inaporudi ikiwa imevaa koti jingine. Miaka kumi ya kuandika kwamba Nakivale inajitegemea ilirahisisha sana kazi ya kueleza kwa nini jina fulani limeondolewa kwenye orodha.

Nani analipia kipindi

Mbarara ina redio nyingi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kubwa kati ya hizo, Radio West, ni mali ya Vision Group, kampuni ambayo Serikali inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake. Nyingine ni za wafanyabiashara, wanasiasa na makanisa. Zote zinahangaikia kitu kimoja: matangazo.

Redio ya mkoani haiishi kwa sabuni na soda peke yake. Taasisi za Serikali na mashirika ya misaada hununua vipindi: saa nzima ya mazungumzo kuhusu chanjo, kuhusu kodi, kuhusu kuishi kwa amani na wakimbizi. Anayelipia saa ndiye huleta wageni wa studio. Machi 2023 Rais Yoweri Museveni aliagiza kwamba matangazo yote ya Serikali yapitie shirika la utangazaji la taifa, UBC, na mkuu wa taasisi atakayekaidi afukuzwe kazi. Redio za mikoani zikaona sehemu ya chakula chao ikihamishiwa Kampala kwa barua moja. Mashirika ya misaada nayo, yalipokatiwa fedha mwaka 2025, yakapunguza kununua saa.

Basi mwandishi wa habari wa Mbarara anayetaka kwenda Nakivale anapiga hesabu. Wengi hulipwa kwa habari moja moja. Nauli ya kwenda na kurudi, boda boda ya kuzungukia vijiji, mkalimani wa Kinyabwisha au Kirundi, chakula cha mchana, na kabla ya yote ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo bila hiyo kuhoji watu ndani ya makazi ni kutafuta matatizo. Mwisho wa siku malipo ya habari yenyewe hayarudishi hata nauli. Warsha ya hotelini mjini, yenye posho ya usafiri na chai ya saa nne, inashinda safari hiyo kila wiki. Kumlaumu mwandishi ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kulipwa kwa habari moja moja.

Ofisi ikiwa na tangazo, huita waandishi. Wiki sita baadaye, tangazo hilo likishaingia jikoni, hakuna anayewaita waje kuona.

> Anayelipia saa ya hewani ndiye huleta wageni wa studio.

Lugha nayo ni ukuta. Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba ya Uganda mwaka 2005 kama lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nakivale haikungoja uamuzi huo. Sokoni, kisimani na kwenye foleni ya zahanati, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu wa Bukavu, Bujumbura na Mogadishu. Lakini redio za Mbarara huwahudumia Wanyankole, na si kosa lao: hao ndio wanaonunua bidhaa zinazotangazwa. Kwa hiyo malalamiko ya wenyeji wa Isingiro kuhusu ardhi, kuni na malisho yanasikika moja kwa moja, kwa lugha tamu ya nyumbani, kupitia simu za wasikilizaji. Malalamiko hayo mengi ni ya haki. Uganda ilijiwekea utaratibu kwamba sehemu ya misaada ya wakimbizi, asilimia 30, iwafikie wenyeji, na wenyeji wana kila sababu ya kuuliza imefika wapi. Mkimbizi anayesikiliza mjadala huo hana Kinyankole cha kujibia.

Bei ya leja leja

Neno la kujifunza mapema ukifika Nakivale ni *leja leja*. Ni kibarua cha siku: kupalilia migomba ya mtu, kuvuna maharagwe, kubeba ndizi hadi kwenye lori. Isingiro ni nchi ya matoke, na malori yanayopanda Mbarara kuelekea Kampala yamejaa mikungu iliyokatwa na mikono ambayo mara nyingi haina kitambulisho cha taifa.

Hapa ndipo mgawanyo wa dawati unapoharibu habari. Kukatwa kwa mgao huandikwa kama habari ya misaada. Ujira huandikwa na dawati la uchumi, tena mara nyingi Sikukuu ya Wafanyakazi inapofika. Shambani mambo hayo ni kitu kimoja. Mgao ukikatwa, kaya ambayo ilikuwa ikituma mtu mmoja kutafuta kibarua hutuma watatu. Alfajiri mwenye migomba anakuta watu wengi getini kuliko mistari ya kupalilia. Bei ya siku inashuka, na inashuka pia kwa Mnyankole maskini anayetegemea kibarua hichohicho. Hiyo ni habari ya uchumi ambayo ingemgusa mwenyeji na mgeni kwa pamoja, lakini kwa kuwa haina wizara yake, haina ukurasa wake.

Kima cha chini cha mshahara ambacho Uganda ilikiweka mara ya mwisho ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kilipangwa mwaka 1984. Leo hakinunui hata kilo mbili za sukari. Februari 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya. Rais hakuutia saini. Magazeti yaliuandika mvutano huo vizuri, kwa staili ya mpira wa miguu: wabunge hivi, Ikulu vile, wawekezaji wana hofu, vyama vya wafanyakazi vimekasirika. Ni nadra kumsikia mpaliliaji katika kurasa hizo, na mswada wenyewe haukuwa na uhakika wa kumfikia, maana kibarua wa siku hana mkataba wa kuonyesha.

Wakimbizi wenye taaluma nao wana mtego wao. Muuguzi aliyesomea Kivu, mashariki mwa Kongo, anaruhusiwa na sheria kufanya kazi Uganda, lakini lazima vyeti vyake vitambuliwe na baraza la wauguzi, na chuo cha kuvithibitisha kiko upande wa pili wa vita. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, barua ya uthibitisho si kitu cha kuagiza kwa posta. Hivyo anauza nyanya karibu na kituo cha afya chenye upungufu wa wauguzi.

Mgomo wenye pande mbili

Vituo vya afya vya Nakivale huhudumia wakimbizi na raia kwa foleni moja. Kesi zinazowashinda hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo pia ndiyo mahali pa mafunzo kwa wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kwa hiyo ugomvi wa mishahara ya madaktari, unaoonekana kuwa wa Kampala, unamhusu mjamzito wa Rubondo moja kwa moja.

Novemba 2017 madaktari nchini kote waligoma kwa karibu wiki tatu. Novemba 2021 wakagoma madaktari wa mafunzo kwa vitendo. Julai 2022 mshahara wa daktari serikalini ukapandishwa hadi shilingi milioni 5, walimu wa sayansi wakaongezwa pia, na walimu wa sanaa, walioachwa nyuma, walikuwa wamekwisha kuweka chaki chini mwezi mmoja kabla. Mwaka 2023 ukaja uamuzi wa kupunguza posho ya madaktari wa mafunzo kutoka milioni 2.5 hadi milioni 1, na kelele zikaanza upya.

Kila mara habari ilijengwa kwa mtindo uleule: Serikali dhidi ya madaktari. Ni mtindo wenye faida kwa mhariri, kwa sababu pande mbili zinapatikana kwa simu kabla ya saa kumi. Mgonjwa aliyeletwa kwa gari la wagonjwa kutoka kilomita 60 na kukuta wodi haina daktari hapatikani kwa simu. Vivyo hivyo mswada wa bima ya afya ya taifa, uliopitishwa na Bunge Machi 2021 na kutofikia kuwa sheria, uliandikwa kwa wiki kadhaa kama habari ya Bunge. Ulipokwama, habari ilikwisha. Gharama za hospitali hazikukwama.

Redio iliyonyamaza

Kwa wanaozungumza Kiswahili, Nakivale ina masikio ya mbali: BBC, Deutsche Welle na, hadi Machi 2025, Sauti ya Amerika. Machi 14, 2025 Trump alitia saini amri ya kulivunja shirika mama la Sauti ya Amerika. Kesho yake watangazaji wakaambiwa wasije kazini, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyingine. Serikali ya Marekani iliyofunga mfereji wa chakula ilizima pia moja ya redio ambazo zingewaeleza waliokatiwa kwa nini wamekatiwa, kwa lugha wanayoielewa. Mambo hayo mawili yalipishana kwa wiki chache tu.

Zilizobaki zinaijua Goma vizuri. Redio za Mbarara zinaijua Kampala vizuri. Nakivale iko katikati ya mawimbi hayo, haitajwi.

Pengo limezibwa na simu. Orodha ya majina ikibandikwa ukutani, vijana huipiga picha na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp, ikifuatwa na ujumbe wa sauti wa kuifafanua kwa Kiswahili cha Kivu. Huo ndio uandishi wa habari wenye wasikilizaji wengi hapa, na hauna mhariri. Uvumi na ukweli husafiri kwa bando moja. Serikali ya Uganda nayo imeutoza kodi uwanja huo: shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, kisha asilimia 12 kwenye bando za intaneti tangu Julai 2021. Kwa mtu wa kategoria ya tatu, kupata habari kwamba amekatiwa chakula ni gharama nyingine.

Kuna pia woga. Mkimbizi mwenye prosesi ya kwenda nchi ya tatu hapendi jina lake liandikwe popote, lisije likakutana na faili lake mezani kwa ofisa mwenye hasira. Mwandishi mwenye busara humwacha bila jina. Lakini mhariri wa mjini hutaka jina, umri na picha, la sivyo anaiona habari haijakamilika, na anachukua ya ofisa ambaye jina lake halina tatizo lolote.

Siku ya mgao ikibadilishwa, tangazo hupita kwa boda boda yenye kipaza sauti kilichofungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Husomwa kwa Kiswahili, halafu Kinyarwanda, halafu Kisomali. Pikipiki haizimwi. Watu hutoka milangoni, mtoto kiunoni, mwiko mkononi, na wa karibu hupaza sauti kuuliza kama safari hii ni unga au ni pesa, na kwa watu wangapi. Karatasi aliyopewa dereva ina mistari minne tu na jibu hilo halimo. Anawaambia wakaulize Base Camp, anatia gia, na vumbi linawafuata wale wa nyumba ya pili.